Dai la Ufukara wa Maneno

Imeenea rai miongoni mwa mawakili, mahakimu na walimu wa sheria katika nchi zetu, nayo imerudiwa mara nyingi hata wengi wameipokea bila kuidai ushahidi, kwamba Kiswahili, pamoja na utamu wake wote katika utenzi, katika hotuba na katika maongezi ya barazani, hakiwezi kubeba sheria. Kwamba maneno yake ya wajibu, adhabu na dhima ni haba, yana maana zinazoingiliana, na hayana ile mipaka mikali itakiwayo pale mtu anapokaribia kupoteza uhuru wake au mali yake. Na kwamba kwa hiyo busara yataka tungoje wataalamu wakamilishe istilahi zote kwanza, ndipo sheria ziandikwe kwa lugha ya wale zinaowatawala. Rai hii husemwa kwa upole, na aghalabu husemwa na watu wanaokipenda Kiswahili kwa dhati, na upole huo ndio uliowafanya wapinzani wake wengi waishie kunung'unika. Mimi nasema ni rai batili, na kwamba ubatili wake waonekana katika vitabu vile vile vya sheria ambavyo wenye rai hiyo huvibeba kwapani kila siku.

Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, na kifungu cha 7 cha ile ya Kenya, vyasema jambo moja: kutojua sheria hakumpi mtu udhuru wa kosa alilolitenda, ila pale sheria yenyewe ilipotamka kwamba kujua ni sehemu ya kosa. Siilaumu kanuni hii, kwa kuwa pasipo nayo kila mwizi angejidai mjinga na hakimu angebaki bila kazi. Lakini kanuni hii ina upande wa pili ambao hausemwi, nao ni deni la serikali kwa raia, yaani kwamba anayemkataza mtu kujitetea kwa ujinga amejifunga kumwondolea ujinga huo kwa kadiri awezavyo. Sasa tazama nasaba ya sheria yenyewe. Msingi wake uliandikwa na Samuel Griffith kwa ajili ya jimbo la Queensland huko Australia, ukapitishwa mwaka 1899, ukachukuliwa Nigeria, kisha mwaka 1930 ukaletwa Tanganyika na Kenya kuchukua mahali pa Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi, ambayo nayo ilikuwa ya mwaka 1860. Katika safari yote hiyo ya kutoka bara hata bara, hakuna aliyesimama kuuliza kama mvuvi wa Kilwa au mkulima wa Taita ataweza kusoma alichokatazwa. Alidhaniwa kujua, na dhana hiyo ilitosha kumpeleka gerezani.

Tuanze na adhabu, maana hapo ndipo dai la ufukara lilipo dhaifu kuliko popote. Kifungu cha 25 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara chazitaja adhabu ambazo mahakama yaweza kutoa, na miongoni mwazo ni kifo, kifungo, viboko, faini, kutwaliwa mali, kulipa fidia, na kuweka dhamana ya kutunza amani. Ni nani, awe Mwanza au Mombasa, asiyeyajua maneno haya, na asiyejua kwamba kila moja lina njia yake? Faini huingia katika hazina ya serikali. Fidia humfikia aliyedhurika. Dhamana humfunga mtu mpaka atimize sharti, kisha humwachilia. Na mali iliyotwaliwa hairudi. Wapinzani hupenda kunijibu kwamba wapo watu waliotoa fedha za dhamana wakadhani wamekwisha kulipa faini na shauri limekufa, wakakaa majumbani mwao mpaka walipofuatwa na hati ya kukamatwa. Wapo kweli. Lakini mtu huyo hakupotezwa na uhaba wa maneno, kwa kuwa maneno mawili yapo na tofauti yake iko wazi. Amepotezwa na aliyepokea fedha asijisumbue kumweleza, na ajabu ni kwamba uzembe wa mwenye ofisi waandikwa katika hesabu ya lugha.

Kadhalika katika mambo ya malipo yanayolazimishwa na dola. Twatofautisha kodi na ushuru, ushuru na ada, ada na tozo, na mchuuzi wa sokoni ambaye hakumaliza darasa la saba ataweza kukueleza ni ipi aliyolipa asubuhi na kwa nini ameiona ya dhuluma. Wajerumani walipoanza kuwatoza watu kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, hawakuwatoza kwa Kijerumani. Waliwatuma maliwali na maakida, na amri zikasomwa kwa Kiswahili, zikaeleweka vema hata watu wakazikimbia porini. Waingereza walipomlazimisha Mwafrika wa Kenya kuvaa kipande shingoni kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita kuu ya kwanza, hapakuwa na aliyelalamika kwamba neno hilo lina utata. Mtawala alipotaka kuchukua, Kiswahili kilimtosha. Upungufu wake ulianza kusikika siku raia alipotaka kukitumia kujitetea.

Na tukiacha adhabu tukaja kwenye wajibu, tutakuta akiba kubwa zaidi, ambayo wasomi wetu wa sheria huipita bila kuitupia jicho. Katika pwani hii, tangu Lamu na Pate hata Kilwa na Ngazija, watu wamehukumiana kwa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ya Imamu Shafii kwa karne nyingi, na wanazuoni wakasomesha Minhaji ya Nawawi na sherehe zake, yaani vitabu vya kuifafanua, kitabu kikiwa cha Kiarabu na maelezo yakiwa ya Kiswahili. Na katika darasa hizo mwanafunzi wa miaka kumi na tano alijifunza kwamba matendo ya mwanadamu hayagawanyiki katika yaliyoamriwa na yaliyokatazwa tu, bali yana daraja tano: la faradhi, ambalo asiyelitenda apata dhambi. La sunna, ambalo alitendaye apata thawabu na aliachaye halaumiwi. La mubaha, ambalo kulitenda na kuliacha ni sawa. La makuruhu, ambalo ni bora kuliacha. Na la haramu. Alijifunza tena kwamba faradhi ni mbili, ya aini na ya kifaya, ya kwanza ikimkabili kila mtu kwa nafsi yake, na ya pili ikiwakabili watu wote kwa jumla, wakiitimiza baadhi yao huwaondokea wengine, na wasipoitimiza hata mmoja hupata lawama wote. Nimesoma sheria ndogo za vijiji na za miji juu ya usafi wa mitaro na uzimaji wa moto, zilizoandikwa kwa taabu kubwa ya kueleza jambo hilo hilo la wajibu wa wote unaotimizwa na baadhi, na nikasikitika kwamba mwandishi wake alikuwa na neno nyumbani akaenda kulikosa ugenini.

Chukua pia neno dhima, ambalo leo limeanza kupotea magazetini likamezwa na neno jukumu. Kwa wanasheria wa zamani wa pwani, dhima ni pale mahali pa haki ndani ya nafsi ya mtu ambapo deni hukaa. Mtu aweza kuwa hana kitu mkononi na bado deni likawa dhimani mwake, na akifa deni halifi naye bali huielekea tirka yake, yaani mali aliyoiacha, kabla warithi hawajagawana. Au tazama jinsi walivyopambanua amana na kuazima. Aliyewekewa amana, chombo kikipotea bila uzembe wake wala kukitumia pasipo ruhusa, hadaiwi kitu. Walakini aliyeazima hudaiwa kikipotea hata kama alikilinda kwa bidii zote, isipokuwa kimechakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa, kwa sababu yeye alikichukua kwa manufaa yake mwenyewe na yule wa kwanza alikishika kwa manufaa ya mwenzake. Huu ni upambanuzi wa dhima kwa kufuata faida, ulio mwembamba kama wowote ule afundishwao mwanafunzi wa chuo kikuu katika mwaka wake wa kwanza, na uliamuliwa katika mabaraza ya makadhi wa Mombasa na Unguja juu ya majahazi, vyombo vya dhahabu na magunia ya karafuu. Kwa kuua pia walikuwa na mafungu matatu, la kusudi, la mfano wa kusudi, na la kukosea, na kila fungu na diya yake, yaani fidia ya damu, au kisasi chake. Na atakayesema kwamba Kiswahili hakiwezi kutenganisha mauaji ya kukusudia na kuua bila kukusudia, asiulizwe juu ya lugha, aulizwe alikuwa wapi.

Wala elimu hii haikuishia midomoni. Sheikh Ali Hemedi el-Buhriy, kadhi wa Tanga, aliandika vitabu viwili vya sheria, kimoja juu ya mirathi na kingine juu ya nikahi. Kile cha mirathi kilitolewa mwaka 1923 pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Philip Mitchell, ofisa wa serikali ya Tanganyika ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Kenya. Na kile cha nikahi kilifasiriwa na J. W. T. Allen. Wakoloni walivihitaji kwa sababu hawakuweza kuamua mashauri ya urithi na ndoa za Waislamu pasipo navyo. Basi hapa mambo yamekwenda kinyume na jinsi tunavyoambiwa: sheria iliandikwa kwa Kiswahili kwanza, yenye mafungu ya warithi, hesabu za sudusi na thumuni, masharti ya wasia na hiba, na lugha iliyopaswa kutafuta maneno ya kuipokea ilikuwa Kiingereza.

Najua nitakaloambiwa, kwamba hayo ni maneno ya dini, ya Kiarabu, na ya watu wa pwani, nayo hayafai kwa dola isiyo ya dini na yenye watu wa bara wengi kuliko wa pwani. Jawabu la kwanza ni kwamba haki, wajibu, hukumu, shahidi, wakili, jinai, mahakama, sheria yenyewe na katiba yenyewe ni maneno ya asili hiyo hiyo, na Msukuma na Mluo huyatumia bila kudhani kwamba amesilimu. Jawabu la pili limo katika historia ya Waingereza, ambao twaambiwa tuwaige. Maneno yao ya dhamana, rehani, wakili, jinai na hukumu waliyapata kwa wasemaji wa Kifaransa waliowateka mwaka 1066, na mahakama zao ziliendeshwa kwa Kifaransa na kumbukumbu zake zikaandikwa kwa Kilatini. Mwaka 1362, katika enzi ya Edward III, Bunge lao lilipitisha sheria ya kwamba mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza, kwa sababu ile ile ninayoitaja mimi, kwamba watu hawaelewi kinachosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Na mawakili wakaikwepa sheria hiyo kwa karne tatu na zaidi, wakiendelea kuandika Kifaransa kilichozidi kuharibika kila kizazi, hata ikabidi sheria nyingine itungwe, iliyoanza kutumika mwaka 1733, ya kuvifukuza Kifaransa na Kilatini kabisa. Hata baada ya hapo mwanasheria mkubwa William Blackstone alinung'unika katika vitabu vyake kwamba lugha mpya imezirefusha hati na kwamba raia hawazijui sheria kuliko zamani. Kwa hiyo hujja tunazozisikia Dodoma na Nairobi zilikwisha kutolewa London, na zikashindwa. Wala simjui Mwingereza wa leo anayeomba ahukumiwe kwa Kilatini ili haki yake iwe sahihi zaidi.

Wasema tena kwamba Kiingereza kina usahihi. Naomba tuupime usahihi huo katika neno moja, lile ambalo sheria zote za Kiingereza hulitumia kuweka wajibu, yaani shall. Neno hilo hutumika kuamuru, hutumika kutaja jambo litakalotokea, hutumika kueleza maana ya istilahi, na mara nyingine hutumika pale ambapo mwandishi hakukusudia lolote ila alizoea. Na mahakama zimetumia muda mwingi usio na kiasi kuamua kama shall hii ni ya lazima au ya maelekezo tu. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania imelazimika kueleza katika kifungu cha 53 kwamba neno hilo likitumika kumpa mtu kazi, kazi hiyo haina budi kutendwa, na kwamba neno la ruhusa lampa mtu hiari. Afrika ya Kusini, ilipoandika Katiba yake ya mwaka 1996, waandishi waliamua kuliacha neno hilo wakachagua jingine. Sasa ikiwa Kiingereza nacho kilihitaji Bunge kukitia mpaka, yale yale ambayo Bunge lililitendea neno shall laweza kuyatendea maneno sharti, lazima, na wajibu, kwa kifungu kimoja kisichozidi mistari minne. Maana ya neno la sheria haiteremki pamoja na lugha. Huwekwa na anayetunga sheria, na hulindwa na anayeifuata.

Lakini sina haja ya kusema laweza, kwa kuwa limekwisha kufanyika. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ambayo sheria nyingine zote hubatilika zikipingana nayo, iliandikwa kwa Kiswahili, na ile ya Kiingereza ni tafsiri. Katika sehemu ya haki na wajibu muhimu, iliyoingizwa mwaka 1984, ibara ya 25 yamtaka kila mtu kufanya kazi, ya 26 yamtaka kuzitii sheria, ya 27 yamtaka kulinda mali ya umma, na ya 28 yamtaka kulilinda taifa. Nauliza kwa nia njema kabisa: lugha iliyotosha kuweka wajibu mkubwa kuliko wote, wajibu ambao pasipo nao dola haipo, itapungukiwa na nini ikija kuweka wajibu wa mwenye mbwa kumchanja mbwa wake? Nazo mahakama za mwanzo, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, zimekuwa zikisikiliza kwa Kiswahili mashauri ya wizi, ya kupigana, ya matusi, ya madeni, ya ndoa na ya mirathi, na humo zimetoa vifungo na faini kwa watu wasiohesabika. Hakuna aliyepata kudai kwamba vifungo hivyo vifutwe kwa sababu lugha yake ni ya kukisia. Ila shauri lilipopanda kwa rufani, hukumu ilipaswa kuandikwa kwa Kiingereza, na hivyo mtu aliyeelewa alipofungwa hakuelewa kwa nini rufani yake imekataliwa. Hali hiyo ilidumu katika sheria mpaka mwaka 2021, Bunge lilipopitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, likiacha mlango wa Kiingereza pale ambapo haki yahitaji. Mwaka huo huo Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa amekwisha kuandika hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili, alipandishwa kwenda Mahakama ya Rufani, na wapo waliocheka kwamba mtu amepandishwa cheo kwa lugha ya mama yake. Wacheke, hukumu ilisomeka.

Na kama kuna pahali ambapo sheria yenyewe imekiri kwamba usahihi uko katika lugha ya mshitakiwa, ni pale anapoulizwa kama akubali kosa. Katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba hati ya mashitaka pamoja na kila kiungo cha kosa isomwe na kuelezwa kwa mshitakiwa kwa lugha yake au lugha anayoielewa, na kwamba jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kwa kadiri iwezekanavyo. Sababu yake ni rahisi. Mtu akiulizwa akasema "ni kweli", huenda akubali kwamba alikuwa na ng'ombe wa jirani, wala hakubali kwamba alimwiba. Na mwandishi akiyageuza maneno hayo kuwa Kiingereza, ule wasiwasi uliokuwa ndani yake huyeyuka, na mtu aliyekiri nusu hujikuta amekiri yote. Si mara moja wala mbili majaji wa rufani wamezitengua hatia za namna hii. Mnaotetea Kiingereza kwa jina la usahihi, mnajibu nini hapa, ambapo usahihi umepotea njiani kwa sababu ya tafsiri yenu?

Nakubali yaliyo ya kukubaliwa, na nayataja upesi kwa kuwa hayana ubishi. Hukumu za zamani zinazofuatwa na mahakama zetu ziko kwa Kiingereza, vitabu vya kufundishia ni vya Kiingereza, na jaji aliyesoma kwa lugha moja miaka yote ataona taabu kuandika kwa nyingine. Hiyo ni gharama, na gharama hulipwa. Nakubali pia kwamba Dar es Salaam husema rufani na Unguja husema rufaa, na kwamba Mkenya humwita mshukiwa yule ambaye Mtanzania humwita mtuhumiwa. Wakili wa Uingereza na wa Marekani nao hawaitwi jina moja. Na nawalaumu baadhi ya wenzangu wapenda Kiswahili, ambao wakipewa kazi ya istilahi hufungua kamusi ya Kiarabu au ya lugha ya kwao wakachimbua neno lisilosikika tangu enzi za mababu, hali hakimu wa mahakama ya mwanzo analo neno zuri linaloeleweka tangu asubuhi mpaka jioni. Aulizwe yeye kwanza. Ama wale wasemao tungoje istilahi zikamilike, nawakumbusha kwamba A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, alitoa orodha yake ya maneno ya sheria kwa Kiswahili mwaka 1968, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Sheria mwaka 1999. Aliyezaliwa mwaka ilipotoka orodha ile ya kwanza sasa yuko karibu na kustaafu, na bado twaambiwa tungoje.

Ninachowaomba waandishi wa sheria na wabunge ni jambo moja lenye kupimika. Kila sheria inayoweka adhabu au wajibu juu ya raia iwe na matini ya Kiswahili yenye nguvu ya sheria, isiwe kivuli cha matini nyingine. Na pale matini mbili zitakapohitilafiana juu ya kiasi cha faini, au muda wa kifungo, au mpaka wa wajibu, mahakama ifuate ile iliyo nyepesi kwa mshitakiwa, kwa kuwa shaka katika sheria ya adhabu humfaa anayeshitakiwa, na kwa kuwa aliyeileta shaka hiyo ni serikali iliyozitia saini matini zote mbili. Likiwekwa sharti hilo, naahidi kwamba maneno yatapatikana upesi, na yatakuwa sahihi.